Ndoo ya Zege Mbele ya Duka la Spea

Nikisema nilifanya kazi ya maegesho, watu hungoja niendelee, kana kwamba hiyo ni nusu ya jibu. Hakuna nusu nyingine. Nilisimama barabarani nikiangalia magari yaliyosimama. Nilianzia Iringa mjini nikiwa bado na meno yote, nikamalizia Mbeya, Mwanjelwa, nikiwa na yaliyobaki. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Kihesa, na nyinyi vijana mnanunua magari kabla hamjanunua kitanda. Hilo si baya. Lakini gari hutembea kidogo, muda mwingine wote limesimama mahali, na mahali hapo hakuna anayewafundisha. Chuo cha udereva wanawafundisha kwenda.

Mimi nilifundishwa na mzee Kasiani. Alikuwa ameifanya kazi hii Iringa tangu mji mzima unajua gari hili ni la daktari, lile ni la padre, na lile jingine ni bovu. Mji wenyewe mnaujua, umekaa kilimani kama mbuzi. Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba ukisimamisha gari mteremkoni, geuza matairi ya mbele yaangalie ukingo wa barabara, ili likiamua kuondoka lenyewe lijigonge hapo liishie. Ukipata jiwe, weka nyuma ya tairi. Na ukiondoka, ondoa jiwe lako. Hilo la mwisho alilirudia sana, maana watu wengi wana imani ya kuweka jiwe ila hawana imani ya kuliondoa, na anayekuja nyuma na pikipiki hajui kwamba barabara imezaa.

Somo la pili nililipata kwa vitendo. Siku zangu za mwanzo nilikuwa namwelekeza mwalimu mmoja kurudi nyuma sokoni. "Njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, njoo." Alipofika mahali pa kutosha nikamwambia, "Haya, basi!" Mimi nilimaanisha simama. Yeye alisikia mtu anayemhimiza. Akaja. Kulikuwa na mama anauza nyanya pale nyuma, na nyanya zile ziliuzwa siku hiyo zikiwa tayari zimepondwa. Mzee Kasiani alikuja, akaangalia, akaniambia bila kucheka, "Veronika, kwenye kurudisha gari hakuna neno basi. Kuna simama. Na ukisema simama, piga bati kwa kofi. Sikio la dereva lipo kwenye bati."

Nimepiga mabati mengi tangu siku hiyo. Wenye magari hununa kidogo, halafu hushuka wakaona walipokuwa wanaelekea.

Mengine niliyajua mwenyewe kwa kusimama. Usiangalie uso wa dereva, angalia matairi yake ya mbele: uso unaweza kukupa njia na matairi yakakunyima. Usifungue mlango wa gari kabla hujatazama nyuma, kwa sababu bodaboda hupita mahali ambapo ungesema pasingepita hata mjusi. Na ukimzibia mtu njia kwa dakika moja tu, andika namba yako ya simu uiache kwenye kioo, kwa sababu dakika moja ya mwenye gari haijawahi kuwa dakika moja. Nilikutana na bwana mmoja aliyeacha namba. Tulipopiga, simu ikalia ndani ya gari.

Nilipohamishiwa Mbeya magari yalikuwa yameshaanza kuongezeka. Kwanza tulikuwa tunabandika karatasi kwenye kioo, na mvua ya Mbeya ilikuwa inazisoma kabla ya mwenye gari. Halafu vikaja vimashine vya mkononi. Halafu simu. Siku hizi mtu analipia maegesho akiwa amelala kwake, na anasema hajaona mtu. Hajakosea. Kazi ile ya kusimama imepungua, na magari yameongezeka. Vigari vya mtumba kutoka Japani vimekuwa vingi kama kuku, na mitaa ni ile ile, ilipimwa wakati watu wanabeba ndizi kichwani. Majengo mapya wanajenga hadi mwisho wa kiwanja, mlango unafungukia barabarani, halafu mwenye jengo anaanza kutafuta pa kuweka gari lake.

Hapo ndipo nataka kuwaambia habari ya Ezekia.

Ezekia alikuwa na duka la spea za magari katika mtaa mmoja pale Mwanjelwa niliokuwa nauangalia. Kijana mpole, mwimbaji wa kwaya, mwenyeji wa Igawa kule Mbarali. Mtu asiye na ugomvi. Asubuhi alikuwa ananipa shikamoo kabla hajafungua kufuli. Lakini alikuwa na tatizo, na lilikuwa tatizo la kweli. Watu walikuwa wanakuja kuegesha mbele ya duka lake, wanaingia sokoni, wanapotea. Mteja wa spea anakuja na gari bovu, anataka limsogelee fundi, hana pa kusimama. Anakwenda duka la mwingine. Ezekia mwenyewe gari lake alikuwa analiacha mbali, na akija na mzigo wa springi anaubeba mgongoni kama mahindi.

Akavumilia. Halafu siku moja nilifika asubuhi nikakuta ndoo.

Ilikuwa ndoo ya rangi, ile kubwa, imejazwa zege, katikati imechomekwa nondo, na juu ya nondo kipande cha bati. Kwenye bati aliandika kwa brashi, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa kwaya: PANA MWENYEWE.

Nikamfuata. "Ezekia mwanangu, hii nini?"

"Ndoo, mama."

"Naiona. Inafanya nini?"

"Inanishikia nafasi. Mimi si nalipa pango, Mama Vero?"

"Pango ni la duka. Barabara ina mwenyewe mwingine."

"Sawa, mama," akasema kwa adabu kabisa. "Lakini huyo mwenyewe mwingine mbona haji kubeba springi?"

Nilikwenda kutoa taarifa ofisini. Wakaniambia niongee naye kwa busara. Nilikuwa nimeshaongea kwa busara, ikabidi nirudi niongee tena ile ile.

Sasa sikilizeni jinsi jambo linavyokwenda mjini. Ndoo ile ingebaki moja, pengine nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini wiki haikuisha, muuza vitenge wa pembeni akaweka tairi kuukuu, akalipaka chokaa. Duka la dawa wakatoa kiti. Saluni wakatoa friji lililokufa, wakalilaza ubavuni, na wateja wakawa wanalikalia wakisubiri kusukwa. Kila aliyeona mwenzake kaweka kitu aliona yeye ndiye mjinga peke yake. Mwishowe hata Tumaini, kijana fundi simu mwenye kibanda cha upana wa kabati, naye akaweka ndoo ya zege. Nikamuuliza, "Tumaini, gari lako liko wapi?"

"Linakuja, mama."

"Linatoka wapi?"

"Sijalinunua. Nimeanza na paking."

Wapo wanaonunua kamba kabla ya ng'ombe, na wengine hufanikiwa.

Mtaa ukawa na nafasi nyingi tupu na hakuna pa kusimama. Magari yakawa yanazunguka kama nzi kwenye chupa. Waliochoka wakaanza kusimama katikati ya barabara na kuwasha taa za hatari, na huku Mbeya kuna watu wanaoamini taa za hatari ni kibali. Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zikawa zinashushia viazi njiani. Akina mama wenye ndoo kichwani wakawa wanapita mtaroni, kwenye vibao vilivyowekwa juu ya maji. Kila mwenye duka akawa ananilalamikia kuhusu ndoo za wenzake.

Ilikuwa masika, asubuhi, mvua ile nyembamba ya kwetu isiyonyesha wala kuacha. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara chini ya bati. Nikaona kirikuu imekuja polepole, imejaa magunia ya mpunga na jogoo amefungwa miguu, ikasimama usawa wa ndoo ya Ezekia. Dereva kijana akashuka, akaishika nondo aitikise. Sauti ikatoka ndani ya gari, sauti ya mama mtu mzima:

"Simoni. Iache."

"Shangazi, naisogeza kidogo tu."

"Hujasoma? Pana mwenyewe."

Nikavuka. Alikuwa mama mzee aliyenizidi umri, kitenge kimefungwa vizuri, mguu mmoja kaunyoosha mbele kama unaomuuma. Nikamwamkia kwa salamu ya kwetu Iringa, "Kamwene, mama."

"Kamwene," akaitika, akafurahi, maana hakutegemea kuisikia pale.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ndoo mwache kijana aiondoe tu. Hairuhusiwi kuwepo."

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa maegesho."

"Basi mpaka mwenyewe aje," akasema. "Kitu cha mtu hakiguswi. Akija akakuta tumekiondoa tutamwambia nini?"

Nilitaka kumjibu. Lakini nyuma yao madereva walikuwa wameshapanga foleni wanapiga honi, mmoja ameweka mkono kwenye honi hautoi, na Simoni akaingia akaondoa gari. Sikupata hata kumuuliza anakwenda kwa nani. Duka lenyewe lilikuwa nyuma ya ile ndoo, mlango wazi, na Ezekia alikuwa ndani kule mwisho anatafuta bearing kwenye maboksi. Honi pale kwetu hazimtoi mtu ndani.

Walikwenda kusimama mbele kabisa, baada ya kona, ng'ambo ya mtaro. Simoni akabeba gunia begani akatangulia, ili arudi amshike shangazi yake. Yule mama hakupenda kungoja. Akachukua jogoo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine, akapanda kwenye kibao.

Nilisikia kelele za watu kabla ya kelele zake. Nilipofika alikuwa chini ubavuni mwa mtaro, mguu umegeukia kusikokuwa kwake. Uso umekuwa wa majivu. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza jogoo yuko wapi. Jogoo alikuwa ameshikwa na mtu, nikamwambia, akatulia kidogo.

Watu wakajaa. Na Ezekia naye akaja, kama wanavyokuja wote, mikono ina grisi, kaboksi ka bearing bado amekashika. Alikuwa nyuma ya watu, ananyanyua shingo. "Kuna nini? Nani kagongwa?"

Yule mama akageuza kichwa. "Eze?"

Sijawahi kuona kaboksi kakianguka taratibu hivyo.

"Mama?" Akapita katikati ya watu, akapiga magoti kwenye matope. "Mama! Umekuja saa ngapi? Mbona hukunipigia?"

"Simu yako haipatikani. Dukani kwako sijawahi kufika, nikasema tutauliza, duka la spea karibu na duka la dawa. Mguu ulikuwa unanisumbua, nikasema unipeleke kwa daktari." Akaonyesha ule uliogeuka. "Sasa utanipeleka kwa huu mwingine."

Simoni alikuwa amerudi, anajitetea kwa kila mtu ingawa hakuna aliyemshitaki. "Kaka, tulipata nafasi pale nyuma, karibu na duka la dawa. Palikuwa wazi kabisa. Kuna ndoo tu. Nikataka niitoe, shangazi akanikatalia. Kasema ni ya mtu."

Pale palikuwa na watu wengi wa mtaa wetu. Muuza vitenge alikuwepo, wa saluni walikuwepo, Tumaini alikuwepo. Kila mmoja alijua ndoo ipi. Ezekia alimwangalia Simoni, halafu akaangalia chini, akaanza kumfuta mama yake tope usoni kwa mkono wenye grisi, akawa anamchafua zaidi, na mama yake akamwacha.

Ilibidi kirikuu isogee mpaka alipo, na haikuweza kusogea. Huku limesimama gari katikati ya njia na taa zake za hatari, kule friji. Tumaini ndiye aliyeanza. Alikwenda kwenye ndoo yake, akaikumbatia, akaibeba mpaka kibandani peke yake, na ni kijana mwembamba. Wa saluni wakaburuta friji. Muuza vitenge akaviringisha tairi. Kirikuu ikarudi nyuma, mimi namwelekeza Simoni napiga bati, tukamlaza mama juu ya benchi la duka la dawa, tukampandisha kwa benchi lake hivyo hivyo, akakaa Ezekia kwa nyuma amemshika. Wakaondoka kwenda hospitali.

Ikafika jioni mtaa mzima ukawa hauna ndoo, hauna kiti, hauna tairi. Ilibaki ile moja ya Ezekia, duka limefungwa. Hakuna aliyeigusa. Mwenyewe hayupo.

Mama yake alivunjika mfupa wa paja, huku juu karibu na nyonga. Walimfanyia upasuaji. Siku zile Ezekia alikuwa analala kwenye korido ya hospitali, na sisi tukawa tunapokezana kupeleka uji. Daktari alikuwa amesema kwa umri ule kuna wanaoinuka na kuna wasioinuka, na hakusema yeye yupo upande gani. Ezekia hakuimba kwaya Jumapili hizo. Mama yake alimuuliza mbona haendi, akamwambia koo linamuuma.

Siku aliyorudi kufungua duka, hakufungua. Alisimama mbele ya ndoo. Nikavuka barabara. Hakunipa shikamoo.

"Mama Vero, nishikie upande mmoja. Peke yangu siwezi, niliiweka na watu."

Tukaishika. Zege ni kitu kizito kuliko kinavyoonekana. Tukaiburuta mpaka nyuma ya duka, kwenye vyuma chakavu. Hapo akaniuliza, "Siku ile uliwaona walipofika?"

"Niliwaona."

"Mama alisemaje?"

Ningeweza kumpunguzia. Lakini alikuwa mtu mzima, na ameuliza. "Alisema mpaka mwenyewe aje."

Akakaa juu ya ile ndoo. Akatoa kitambaa mfukoni akajifuta macho, kitambaa chenyewe ni kile cha kufutia spea, kikamwachia mstari mweusi shavuni hadi sikioni. Nikakaa naye. Alipoinuka kwenda kufungua duka, nilimwambia anawe uso kwanza, wateja wasije wakadhani ameanza kuuza rangi. Akacheka kidogo, akaanza kulia tena.

Baada ya hapo wenye maduka walikaa kikao, mara ya kwanza kukaa kikao pale bila ya mimi kuwaita. Wakakubaliana nafasi mbili za mbele ya duka la dawa zibaki za kushusha wagonjwa na mizigo, unashusha unaondoka, na magari yao wenyewe wakayapeleka kwenye kiwanja cha kanisa ng'ambo ya soko, wanatembea. Ofisi ikaja ikapaka mistari. Nilisifiwa kwa busara. Si kwamba watu waliacha ubishi. Hata sasa nasikia kuna mwenye duka jipya ameanza kuacha stuli nje, anasema anaianika.

Nyinyi mnaosema tatizo la mji ni kukosa nafasi, nakubali, nafasi ni chache. Lakini nimesimama barabarani miaka mingi, na mara nyingi nafasi ilikuwepo, imekaliwa na kitu kisicho na magurudumu.

Yule mama aliinuka. Ilichukua muda, akawa anatembea na kile kichuma cha kushikilia cha miguu minne. Ezekia alikuwa anakaa naye kwake, na siku zenye jua alimleta dukani, anamshusha pale kwenye mistari, anamweka kiti kizuri mlangoni, halafu anakwenda kuacha gari kanisani anarudi kwa miguu. Yule mama akikaa pale anasalimia mtaa mzima. Alijua majina ya wateja wa spea kuliko mwanawe.

Hakuna aliyewahi kumwambia ndoo ile ilikuwa ya nani. Hatukupanga, ilitokea tu. Hata wa saluni, ambao hawajawahi kutunza siri yoyote, hii waliitunza.

Siku moja nilikuwa nimesimama karibu na kiti chake, wiki zangu za mwisho kazini. Ezekia alikuwa ndani anagongagonga chuma. Mama akaniuliza kwa sauti yake ile ya kawaida:

"Mwanangu, yule mwenye ndoo mlimpata?"

Kule ndani nyundo ikanyamaza.

"Tulimpata, mama."

"Mlimfanya nini?"

"Hatukumfanya kitu. Aliiondoa mwenyewe."

Akafikiri. Akapangusa kitenge magotini, ingawa hakikuwa na kitu.

"Basi ana utu. Mwambieni asiogope. Siku moja apite hapa anisalimie."

"Atapita, mama," nikasema.

Ezekia akatoka na kikombe cha chai. Alikuwa amenawa mikono mpaka viwikoni. Akampa mama yake kwa mikono miwili, akachuchumaa pale pembeni ya kiti, akakaa naye mpaka chai ikaisha, na mteja aliyekuwa anangoja spea tukamwambia angoje.